UKURASA WA LUGHA: Neno Dogo la Kiingereza Lenye Mzigo Mkubwa



Wazee wetu walisema: Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya mwiba mmoja wa lugha ya Kiingereza, mdogo hata watu wengi hawauoni, walakini umewachoma vijana wetu wengi, na baadhi yao wamekwenda wakichechemea wasijue wamechomwa na nini. Mwiba wenyewe ni yale maneno mafupi yanayolitangulia jina: "a", "an", "the", "some", "any", "this", "few", "little", na wenzao. Wanachuoni wa lugha wa siku hizi huyaita vibainishi, kwa kuwa kazi yao ni kubainisha: ni kitu kipi, ni vingapi, ni cha nani, na je, yule unayesema naye akijua au hakijui.

Lililotufanya tushike kalamu ni hili. Jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, alinijia kijana wa mtaani kwetu. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?" Hakujibu, bali alinipa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa nakala ya barua aliyoiandika kuomba kazi ya ukarani, na ya pili ilikuwa jibu lake. Jibu lilikuwa fupi, tena la adabu. Walimshukuru kwa kusema kweli, wakamwambia kwamba kazi ile yahitaji mtu aliyekwisha kuzoea kuweka hesabu, naye mwenyewe amekiri kuwa hakuzoea.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikukiri neno kama hilo. Nimeshika daftari za duka la mjomba wangu miaka miwili, na hesabu zake hazijapotea hata senti moja. Watu hawa wamenisingizia."

Nikaisoma barua yake tangu mwanzo hata mwisho. Ilikuwa safi, na tahajia yake haikuwa na kosa. Lakini katikati nikakuta maneno haya: "I have little experience in keeping accounts." Nikamwuliza, "Hapa ulikusudia kusema nini?" Akajibu, "Nilikusudia kusema kuwa nina ujuzi kidogo wa kuweka hesabu. Sikupenda kujisifu, maana unyenyekevu ni katika adabu."

Nikamwambia, "Mwanangu, watu wale hawakukusingizia. Wamesoma kama ulivyoandika. Umeacha herufi moja tu, na herufi hiyo imekula miaka yako miwili."

Habari ya herufi hiyo tutaieleza mwisho wa mazungumzo yetu, maana haifahamiki vyema mpaka msingi wake ufahamike kwanza.

Hatuna neno lake, lakini maana yake tunayo

Kijana wa Kiswahili akianza kujifunza Kiingereza hushangaa kuona kwamba kila jina limevishwa kijineno mbele yake. Sisi twasema "Nimenunua kitabu", basi. Mwingereza hawezi kusema "I bought book"; sharti aseme "I bought a book" au "I bought the book", na akiacha kijineno hicho, sentensi yake yawa kama mtu aliyetoka nyumbani na kiatu kimoja. Basi kijana hufikiri kuwa jambo hili ni geni kabisa kwetu, akayatupa maneno haya popote kwa kubahatisha, leo "a", kesho "the", na mara nyingine asitie neno lolote.

Lakini jambo lenyewe si geni. Baba akimwambia mtoto, "Lete kiti", mtoto ataleta kiti chochote atakachokiona. Akimwambia, "Kilete kiti", au "Lete kile kiti", mtoto afahamu kwamba kuna kiti maalumu kilichokusudiwa, naye hataleta kingine. Hiyo "ki" iliyoingia ndani ya amri, na hilo neno "kile", yafanya kazi ambayo Mwingereza amempa "the". Amri ya kwanza kwa Kiingereza ni "Bring a chair", na ya pili ni "Bring the chair".

Kadhalika sikilizeni bibi anavyowasimulia wajukuu hadithi usiku. Husema: hapo kale palikuwa na sultani mmoja; sultani yule alikuwa na binti mmoja; binti yule alikuwa mgonjwa. Mara ya kwanza husema "mmoja", kwa kuwa wajukuu hawajamjua sultani huyo. Mara ya pili husema "yule", kwa kuwa sasa wamekwisha kumjua. Mwingereza naye asimulia hivyo hivyo: "There was once a sultan. The sultan had a daughter. The daughter was ill." Tena la ajabu ni kwamba wanaochunguza asili ya maneno ya Kiingereza wameonyesha kuwa "a" na "an" zatokana na neno la kale lenye maana ya "moja", na "the" yatokana na neno la kale la kuonyesha, mfano wa "yule" na "kile" zetu. Basi Waingereza wa kale walipita njia ile ile anayoipita bibi, ila wao waliizoea hata ikawa barabara, na leo hawawezi kuiacha.

Vijana waliosoma chuoni wana msaada mwingine. Mwalimu wa nahau aliwafundisha habari ya nakira na maarifa, yaani jina lisilojulikana na jina linalojulikana. "Kitabun" ni kitabu chochote, na "al-kitabu" ni kitabu ambacho msemaji na msikilizaji wote wakijua. Mara nyingi Kiarabu huionyesha nakira kwa tanwini mwishoni mwa jina, na Kiingereza huionyesha kwa "a" mwanzoni mwake. Maarifa Kiarabu huitilia "al", na Kiingereza huitilia "the". Aliyeifahamu "al" amekwisha kuvuka nusu ya mto.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika jina lolote la Kiingereza, jiulize swali moja: Je, huyu ninayemwandikia ajua ni kipi ninachokisema? Ikiwa ajua, andika "the". Ikiwa hajui, na kitu chenyewe ni kimoja chenye kuhesabika, andika "a" au "an". Angalieni sana kwamba swali si juu ya msemaji, ni juu ya msikilizaji. Hapo ndipo wengi hukosea. Kijana huanza barua yake, "Yesterday the man came to our house", kwa sababu yeye mwenyewe amjua mtu huyo. Msomaji wa barua hujiuliza, "Mtu yupi?" Ni adabu ya mazungumzo kukumbuka kwamba mwenzio hayumo ndani ya kichwa chako.

Na msikilizaji aweza kukijua kitu kwa njia tatu. Ya kwanza, kimekwisha kutajwa, kama sultani wa bibi. Ya pili, hakuna kingine cha kuchanganya naye, kama "the sun", "the moon" na "the Kaaba". Ya tatu, maneno yanayofuata yamemwonyesha, kama "the key of our door", maana sasa ajua ni ufunguo upi.

Sikio ndilo hakimu

Katika "a" na "an" wengi wamefundishwa kutazama herufi: mbele ya a, e, i, o, u tumia "an". Kanuni hii husaidia, lakini huangusha pia, kwa kuwa hakimu wa kweli ni sikio, wala si jicho. Neno "hour" laanza kwa herufi h, lakini h hiyo haitamkwi. Kwa hivyo ni "an hour", na kadhalika "an honest man". Neno "university" laanza kwa u, lakini ulimi huanza na sauti ya "yu". Kwa hivyo ni "a university", na "a useful book", na "a European". Lakini "umbrella" sauti yake ya kwanza ni irabu hasa, basi ni "an umbrella".

Hili nalo mwanafunzi wa chuoni alijua zamani. Ile "al" ya Kiarabu hutamkwa wazi katika "al-qamaru", lakini mbele ya "shamsu" lamu yake humezwa, nasi twasoma "ash-shamsu", ijapokuwa katika maandishi lamu yaonekana. Herufi 14 ni za jua na 14 ni za mwezi, na mtoto hazijui kwa kutazama tu, bali kwa kusoma kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Basi na "a" na "an" zifundisheni hivyo hivyo: msomeshe mtoto kwa sauti.

Jina moja, mlinzi mmoja

Sasa tuna kanuni tatu fupi ambazo mzazi aweza kuziandika kwenye karatasi na kuzibandika juu ya meza ya kusomea.

Ya kwanza: jina la kitu kimoja chenye kuhesabika lisiachwe peke yake. "Book" peke yake haitoshi. Iwe "a book", au "the book", au "my book", au "this book", au "every book". Lazima liwe na mlinzi mmoja mlangoni.

Ya pili: mlinzi huyo awe mmoja, wasiwe wawili. Sisi twasema "huyu ndugu yangu", na kijana hutafsiri "this my brother". Kwa Kiingereza haisemwi hivyo, kwa kuwa "this" na "my" wote wawili wagombea kiti kimoja. Husemwa "my brother", au mtu akitaka kuyahifadhi yote mawili, "this brother of mine". Kadhalika "the my book" si Kiingereza. Tena mlinzi hukaa mbele ya jina. Kwetu desturi ni kumweka nyuma, "kitabu hiki", "kitabu changu", "vitabu vichache". Katika maneno yetu ya namna hii ni "kila" ambalo daima hutangulia, nalo limetokana na Kiarabu. Na kama "kila mtoto" kwetu ni mtoto mmoja mmoja, ndivyo "every child" na "each child": jina hubaki la umoja, na kitendo chake huwa cha umoja. Usiandike "every children are", andika "every child is".

Ya tatu: kuna vitu ambavyo Mswahili huvihesabu na Mwingereza havihesabu. Sisi twasema mizigo mitatu, nasaha mbili, habari nyingi. Kwa Kiingereza "luggage", "advice", "information", "news" na "furniture" ni kama maji au mchele, havina umoja wala wingi. Kwa hivyo si sahihi kuandika "an advice", wala "informations", wala "many furnitures". Husemwa "some advice", "much information", na mtu akitaka kuhesabu, hutafuta chombo cha kupimia, kama vile sisi twasemavyo pishi ya mchele: "a piece of advice", "three pieces of luggage".

Hapa pia twapaswa kutaja "some" na "any". Mtu akithibitisha husema "I have some money". Akikana husema "I do not have any money", na akiuliza, mara nyingi husema "Do you have any money?" Nalo neno "no" lina ukanushaji ndani yake, basi "I have no money" imekwisha kukana, wala haihitaji "not" ya pili.

Mahali ambapo "the" haitakiwi

Kuna kosa la upande wa pili, nalo huwapata zaidi wale waliosoma Kiarabu. Wamezoea kutia "al" katika majina ya mambo ya jumla, basi huandika "the Islam", "the patience is good", "the life is short". Kiingereza katika mambo ya jumla hakitaki kitu: "Islam", "Patience is good", "Life is short". Na vitu vingi visemwapo kwa jumla ni hivyo hivyo: "Children need sleep", yaani watoto wote popote walipo. Ukisema "The children need sleep", umekusudia watoto fulani, labda wa nyumbani mwako waliochelewa kulala.

Kadhalika tazameni majina tunayoyaheshimu. Huandikwa "God" bila kijineno, lakini "the Prophet", "the Qur'an", "the Kaaba". Ikifuata jina lake Mtume, "the" huondoka: "Prophet Muhammad". Husemwa "Mecca" na "Ramadan" bila "the". Na katika nchi na maji, ni "Tanzania", "Kenya", "Zanzibar", lakini "the Comoros", "the United States", "the Indian Ocean", "the Nile". Tena ni "Lake Victoria" na "Mount Kilimanjaro" bila kitu. Hapa hapana hila; ni kuzoea, na njia ya kuzoea ni kusoma sana.

Na sasa sikilizeni kisa cha daftari moja la shule. Mtoto aliambiwa aandike habari za baba yake. Baba huyo ni mwalimu wa dini, na kila Ijumaa baada ya sala huenda gerezani kuwafundisha wafungwa. Mtoto akaandika: "My father goes to prison every Friday." Maskini, kwa kuacha "the" amemfunga baba yake kila wiki! Maana katika Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kinachofundishwa kwetu, majina "prison", "school" na "hospital" yakikosa "the", hufahamika kwamba mtu huyo yumo humo kwa kazi yake mahali hapo: mfungwa kufungwa, mwanafunzi kusoma, mgonjwa kuugua. Aendaye kwa shughuli nyingine, kama mzazi au mgeni, huenda "to the school", "to the hospital", "to the prison". Mwalimu wa shule alicheka, baba naye akacheka. Lakini barua kama hiyo ingaliandikwa kwa mtu asiyemjua baba, nani angalicheka?

Uzito wake ulimwenguni

Pengine mmoja wenu atasema, "Hayo ni mambo ya daftari za watoto." Hapana, ndugu msomaji. Watu wazima wamegombana kwa vijineno hivi, na mataifa pia.

Mwaka 1969, mwezi wa Julai, Neil Armstrong wa Marekani alikanyaga mwezini, akatamka maneno yaliyosikiwa duniani kote. Kusudi lake lilikuwa kusema kwamba hatua ile ni ndogo kwa mtu mmoja, na ni kubwa kwa wanadamu wote. Lakini yaliyosikika ni "for man", na yeye mwenyewe alieleza kwamba alikusudia "for a man". Bila "a", neno "man" kwa Kiingereza lina maana ya wanadamu wote, na hivyo sentensi yajipinga yenyewe. Tangu siku ile watu wamebishana iwapo hakuitamka "a" ile au ilitamkwa isisikike.

Mwaka 1975 wachunguzi wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na Guido Zanni, walichapisha uchunguzi wao juu ya ushahidi. Waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya motokaa, kisha wakawauliza maswali. Baadhi waliulizwa kama waliona "a broken headlight", yaani taa yoyote iliyovunjika. Wengine waliulizwa kama waliona "the broken headlight", yaani ile taa iliyovunjika. Wale walioulizwa kwa "the" walielekea zaidi kujibu kwamba waliona, hata kitu ambacho hakikuwamo katika filamu. Kwani "the" imekwisha kuwaambia kuwa kitu kipo, na nyoyo zao zikakubali. Fikirini, wazazi, uzito wa ushahidi ulivyo, na jinsi kijineno cha herufi tatu kinavyoweza kuupotosha bila shahidi kukusudia uwongo.

Na kubwa kuliko hayo ni azimio nambari 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa kwa kauli moja tarehe 22 Novemba 1967, baada ya vita vya mwezi wa Juni mwaka ule. Ujumbe wa Uingereza, chini ya Lord Caradon, ndio uliolileta. Ndani yake imetajwa kuondoka kwa majeshi ya Israeli "from territories occupied" katika vita vile. Mbele ya "territories" hapana "the". Katika nakala ya Kifaransa imeandikwa "des territoires occupés", ambayo yaweza kufahamika kuwa ni nchi zile zilizotekwa, zote. Israeli na walio upande wake wakashika nakala ya Kiingereza, wakasema kuwa haikutajwa kuondoka katika nchi zote. Nchi za Kiarabu na wengi wengineo wakashika maana ya Kifaransa, pamoja na utangulizi wa azimio lenyewe unaosema kwamba haijuzu kujipatia ardhi kwa vita. Baadhi ya mabalozi walioshiriki katika kulitunga wakaeleza baadaye kwamba "the" haikuachwa kwa kusahau. Miaka imepita mingi, na vitabu vimeandikwa juu ya neno ambalo halikuandikwa. Sisi hapa si mahakimu wa jambo hilo. Twataka tu kijana ajue kwamba wakuu wa dunia hawavipuuzi vijineno anavyovipuuza yeye.

Herufi iliyokula miaka miwili

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kiswahili kina neno moja, "kidogo". Nikisema "Nina ujuzi kidogo", msikilizaji hutazama uso wangu na kusikiliza sauti yangu ajue kama najisifu kwa unyenyekevu au nakiri upungufu. Kiingereza kimeyagawa mambo hayo mawili. "A little" ni kidogo kilichopo, chenye kutosha kutajwa. "Little", bila "a", ni kidogo ambacho ni karibu na hakuna. Mwenye "a little experience" ana kitu mkononi. Mwenye "little experience" anyoosha mkono mtupu.

Vivyo hivyo kwa vitu vyenye kuhesabika. "I have a few friends" ni maneno ya mtu aliyeridhika: ninao rafiki kadhaa. "I have few friends" ni malalamiko: sina rafiki ila mmoja au wawili. Mgonjwa akimwambia daktari "I have little pain", daktari ataona nafuu imekuja. Akisema "I have a little pain", daktari atauliza ni wapi panapouma.

Kijana alikusudia unyenyekevu, lakini barua haina uso wala sauti. Katika barua kijineno ndicho uso, na kijineno ndicho sauti. Nilipokwisha kumweleza akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, mwalimu, kosa ni langu." Nikamwambia, "Kosa ni letu sisi tuliokufundisha majina na vitendo, tukaviruka hivi kwa sababu ni vidogo." Tukakaa pamoja usiku ule, tukaiandika barua mpya kwa ofisi nyingine. Mahali pale hatukuandika hata "a little". Tulitaja miaka miwili na daftari za duka, maana ukweli ulio wazi si kujisifu. Baada ya majuma machache aliitwa kwenye usaili. Kuitwa si kuajiriwa, na riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini safari hii waliomwita walikuwa wamemsoma yeye, wala si kosa lake.

Zoezi la nyumbani

Wazazi wawape vijana sentensi hizi baada ya chakula cha usiku, na kila mmoja atoe sababu ya jibu lake. Jibu bila sababu halihesabiwi.

1. My uncle is ..... honest man.
2. We bought a goat and a sheep. ..... goat was for Eid.
3. We have ..... rice left, so we need not go to the shop tonight.
4. The old man gave me ..... good advice.
5. My mother went to ..... school to speak to the teacher.
6. ..... child has a cup of his own.

Majibu: la kwanza ni "an", kwa kuwa h haitamkwi. La pili ni "The", kwa kuwa mbuzi amekwisha kutajwa. La tatu ni "a little", maana mchele upo, ndiyo sababu hatuna haja ya kwenda dukani. Aliyeandika "little" amelala na njaa. La nne ni "some", wala si "a". La tano ni "the", kwa kuwa mama si mwanafunzi. La sita ni "Each" au "Every", na aliyeandika "All" arudi kusoma habari ya mlinzi.

Katika toleo lijalo, Inshallah, tutazungumza juu ya vitendo vya Kiingereza vya wakati uliopita, ambavyo navyo vina miiba yake. Mpaka hapo, kila muandikapo barua ya Kiingereza, isomeni mara ya pili kwa ajili ya vijineno peke yake, na mbele ya kila jina mjiulize: Je, mwenzangu akijua ninachokisema?